Kilima Kilichogeuka Shimo: Niliyoyaona Kimberley

Wenzetu wengi hamkuweza kufika Shinyanga siku ile nilipozungumza juu ya Kimberley, mji wa almasi wa Afrika Kusini, na simu yangu haijapoa kwa kuulizwa nilisema nini. Hii hapa hotuba yote, kama nilivyoitoa ukumbini. Picha za ukutani nimeziacha.

Mwangaluka! (Ukumbi: Mwangaluka!)

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu mliostaafu migodini, walimu wa historia, vijana waongoza watalii, ndugu zangu wote. Nimepewa nusu saa. Mwenyekiti ananijua vizuri, ndiyo maana amevua saa yake ya mkononi akaiweka hapa mbele yangu.

Nianze na swali. Nani hapa anajua kimberlaiti ni nini? Naona mikono, na yote ni ya wazee. Wazee wa Mwadui, mgodi wetu wa almasi, hamwezi kushindwa swali hilo. Vijana, kimberlaiti ni mwamba unaobeba almasi. Zamani sana ulipanda kutoka chini kabisa ya ardhi kama unavyopanda moto wa volkano, ukaganda njiani, na almasi zikiwa ndani yake. Mwadui tunao, hekta 146, na Dakta John Williamson, yule Mkanada, aliugundua mwaka 1940. Lakini jina la mwamba halikutoka kwetu. Limetoka mji wa Afrika Kusini unaoitwa Kimberley. Kila mara tukiutaja mwamba wetu, tunautaja mji wa watu.

Mimi neno hilo nimelisikia tangu nikiwa mtoto, maana baba yangu alikuwa fundi mitambo mgodini. Nimelitamka miaka hamsini bila kujua linatoka wapi. Mwaka jana mwezi wa saba nikasema hapana, nitakwenda nikauone huo mji. Nikapanda basi Johannesburg, kilomita zipatazo 480, nikafika Kimberley usiku nikiwa na sweta moja jepesi. Ndugu zangu, Julai kule ni kipupwe cha kweli. Usiku maji yanaganda. Mama wa nyumba ya wageni aliniangalia kwa huruma, akanipa blanketi la pili kabla hata hajaniuliza jina.

Asubuhi nikaenda kwenye Shimo Kubwa. Ndivyo wanavyoliita, Shimo Kubwa, basi. Kuna daraja la chuma limechomoza kutoka ukingoni, unatembea juu yake mpaka unajikuta hewani. Chini kuna maji ya kijani yaliyotulia kama kioo. Kutoka ukingo mpaka ukingo ni mita 463. Ukilizunguka kwa miguu ni zaidi ya kilomita moja na nusu. Njiwa anayeruka chini yako unamwona mgongo.

Sasa nisikilizeni. Mahali pale palikuwa kilima.

Narudia kwa walioketi nyuma: palikuwa kilima! Julai 1871 kikundi cha wachimbaji walikuwa wamepiga kambi karibu. Inasimuliwa kwamba mpishi wao, mtu aliyeitwa Damon, alikuwa amelewa, wakamfukuza kambini kama adhabu, wakamwambia nenda ukachimbe kule kilimani. Akaenda. Aliporudi alikuwa na almasi mkononi. Habari ikasambaa, na watu wakaja kwa maelfu. Kilima kikakatwa vitalu vidogo vya mita tisa na ushee kila upande, kila mtu na kitalu chake, na kilima kikaliwa kama andazi mpaka kikaisha. Kilipoisha wakaendelea kushuka. Mji ukaota pembeni, na mwaka 1873 ukapewa jina la waziri wa makoloni wa Uingereza, Lord Kimberley. Ndugu wawili wa Kiburu waliokuwa na shamba lile, akina De Beer, walishauza wakaondoka. Jina lao likabaki kwenye kampuni, wao wenyewe wakaenda zao.

Hebu fikirini shimo lenye wenye vitalu mamia, kila mmoja anachimba kwa kasi yake. Wa huku ameshuka mita kumi, jirani yake mita ishirini. Mwanzo waliacha njia za udongo katikati ili mikokoteni ipite. Njia zikaanza kuporomoka, udongo ukawaangukia waliokuwa chini. Wakabuni kamba. Kila kitalu kikafungwa waya wake mpaka ukingoni, na ndoo zikawa zinapanda na kushuka juu ya waya. Nimesimama muda mrefu mbele ya picha za miaka ile ya 1870: shimo lote limefunikwa na waya, mamia kwa mamia, kama buibui amefuma utando juu ya mji. Na ukikaza macho, chini ya utando ule, unaona vidoti. Vile vidoti ni watu.

Kisha udongo wa njano ukaisha, wakakuta mwamba mgumu wa rangi ya buluu. Wengi wakasema basi, almasi zimekwisha. Wakauza vitalu wakaondoka. Kumbe ile buluu ndiyo kimberlaiti yenyewe! Waliobaki na walionunua ndio waliotajirika. Kijana wa London, Barney Barnato, aliyeingia mjini karibu mikono mitupu. Kijana mwingine wa Kiingereza, Cecil Rhodes, mtoto wa mchungaji. Mwaka 1888 Rhodes akaunda kampuni ya De Beers, na mwaka uliofuata akaandika hundi moja ya paundi 5,338,650 kuununua mgodi huo wote. Kijana yule ndiye baadaye nchi nzima iliitwa kwa jina lake, mpaka Wazimbabwe walipolifuta.

Uchimbaji ulisimama Agosti 1914. Tani milioni 22 za udongo zilikuwa zimetolewa. Na almasi? Kilo 2,720. Nilipiga hesabu pale pale darajani kwa simu: kama tani nane za udongo kupata gramu moja. Tipa zima la mchanga, kwa gramu moja. Na almasi zote za shimo lile, za miaka zaidi ya arobaini, ungeweza kuzipakia kwenye Canter moja ukaondoka nazo.

Wenyewe wanajivunia kwamba ndilo shimo refu kuliko yote duniani lililochimbwa kwa mikono. Wa Jagersfontein, mji mwingine wa almasi huko huko, wanasema hapana, letu ndilo refu. Mimi mwamuzi huyo sitakuwa.

Waongoza watalii, hapa nataka kusema na ninyi. Kijana aliyetuongoza asubuhi ile alikuwa na hesabu zote kichwani. Upana, kina, tani, karati. Dakika ishirini za namba. Wageni walikuwa wanatazama simu zao. Ndipo mzee mmoja aliyekuwa kwenye kundi letu, mgeni tu kama mimi, akasema taratibu kwamba babu yake alitembea kutoka Lesotho kuja kuchimba humo. Kundi zima likageuka! Simu zikaingia mifukoni. Kila mtu akataka kujua: alitembea siku ngapi? Alirudi na nini? Mzee hakuwa na mengi. Alijua tu kwamba babu alirudi na bunduki na kikohozi. Mpaka leo, ukiniuliza nakumbuka nini cha Shimo Kubwa, nitakwambia bunduki na kikohozi. Namba nimeziandika ili nisizisahau.

Bunduki ile si hadithi ya kutunga. Miaka ya 1870 Wapedi, Wasotho, Watsonga na wengine walitembea mamia ya kilomita kwenda Kimberley, na wengi walikwenda kwa lengo hilo hilo: fanya kazi miezi kadhaa, nunua bunduki, rudi ukalinde nchi yako dhidi ya Maburu na Waingereza. Walikuwa na mpango wao. Lakini mji ulikuwa na mpango mwingine. Mapema kabisa, 1872, ikawekwa sheria kwamba mfanyakazi lazima awe na pasi mfukoni. Wenye wazazi wa Kenya mnaijua hiyo, kule iliitwa kipande. Halafu mwaka 1885 ikaja kambi iliyofungwa.

Kambi iliyofungwa ni nini? Wazee wa mkonge hapa wanaijua habari ya manamba. Manamba alikuwa na mkataba, lakini jioni aliweza kutoka kwenda kilabuni. Kimberley hutoki. Unaingia siku ya kwanza ya mkataba, unatoka siku ya mwisho. Kuna njia inayokupeleka mgodini na kukurudisha. Juu ya ua wametandaza wavu wa waya, ili usirushe almasi nje. Na mkataba ukiisha hawakuachii mara moja. Wanakufungia siku kadhaa, uchi, mikono imevishwa glovu ngumu, unanyweshwa dawa ya kuharisha, wanachunguza choo chako kama umemeza jiwe. Wafanyakazi wazungu nao walitakiwa kuvuliwa nguo na kupekuliwa. Wakagoma 1884, watu wakafa, na wao wakasamehewa. Mwafrika hakusamehewa.

Nasema haya si kwa kutaka mkasirike. Mtalii akija kwenye mji wa mgodi wa zamani ataonyeshwa baa iliyokarabatiwa, behewa la tajiri, ukumbi wa ndondi wa Barnato, njia ya kuvingirisha tufe. Pale Shimo Kubwa wamejenga upya mtaa mzima wa zamani, na kwa kweli umependeza, nilikunywa chai humo. Ataonyeshwa na Eureka, almasi iliyokuwa ya karati 21 na robo ilipookotwa 1867 na kijana akicheza kando ya mto Orange. Hiyo ndiyo iliyoanzisha yote. Jina la kijana lipo: Erasmus Jacobs. Jina la mwandika hundi lipo. Je, majina ya vile vidoti chini ya utando wa waya, yako wapi?

Mchana nikaenda kwenye jumba la picha la Duggan-Cronin. Huyu alikuwa mzaliwa wa Ireland, mlinzi wa kambi ya De Beers. Mlinzi! Kazi yake kuangalia watu wasiibe. Akanunua kamera, na kuanzia miaka ya 1900 akawa anapiga picha wale wale aliokuwa akiwalinda, baadaye akawafuata mpaka makwao. Picha ni nzuri ajabu. Kuna nyuso pale huwezi kuzipita bila kusimama. Lakini soma maelezo chini: mwanamke wa Kivenda, kijana wa Kipondo, mzee wa Kisotho. Kabila, kabila, kabila. Nilitembea chumba hadi chumba nikitafuta jina la mtu kama mtu anayetafuta funguo gizani.

Kesho yake, Angel Street namba 32. Nyumba ya kawaida tu, unaweza kuipita. Hapo aliishi Sol Plaatje. Walimu, huyu mchukueni mkamfundishe. Alizaliwa 1876, akaja Kimberley 1894 kuwa tarishi wa posta, kupeleka simu za maandishi. Tarishi! Akajifunza lugha mpaka zikafika saba au zaidi, akawa mkalimani wa mahakama, akawa mhariri wa gazeti, na mwaka 1912 kilipoanzishwa chama kilichokuja kuitwa ANC yeye ndiye alikuwa katibu mkuu wa kwanza. Mwaka 1914 alivuka bahari kwenda London na wenzake kuilalamikia sheria ya ardhi iliyowanyang'anya Waafrika haki ya kununua ardhi yao wenyewe. Hawakusikilizwa. Alifariki 1932, kaburi lake liko makaburi ya West End, hapo hapo mjini.

Sasa jambo lililonifanya nikae chini kwenye kiti cha makumbusho bila ruhusa. Plaatje aliwatafsiria Watswana Shakespeare. Mchezo wa Julius Caesar katika Kitswana ulichapishwa 1937, yeye akiwa ameshakufa. Na nani alikuja kuutafsiri mchezo huo huo kwa Kiswahili, ukatoka 1963, naye akiwa Rais wa nchi? (Ukumbi: Mwalimu!) Mwalimu Nyerere. Watu wawili, Kaisari mmoja, kila mmoja akitaka kuonyesha kwamba lugha ya mama yake au ya nchi yake inabeba chochote. Mmoja wao alijifunzia mambo hayo kwenye mji wa mgodi, kwa mshahara wa tarishi. Leo chuo kikuu cha Kimberley kina jina lake, kilifunguliwa 2014. Ukimwuliza kijana wa mji ule "Plaatje", anakujibu "chuoni". Ni jambo jema, japo nilitamani ajibu pia na namba ya nyumba.

Nilipita na mtaa wa Galeshewe, haraka, kwa sababu ya mtu mmoja. Robert Sobukwe, aliyeanzisha PAC, chama kilichokuwa na ofisi Dar es Salaam miaka ya ukombozi, alipotolewa gerezani kisiwa cha Robben mwaka 1969 hakuruhusiwa kwenda kwao. Walimpeleka Kimberley, hajui mtu. Akasomea uanasheria, akafungua ofisi, akawatetea majirani mpaka alipokufa 1978. Mji wa almasi ulikuwa jela ya mtu, na mtu yule akaugeuza kuwa kazi.

Mwenyekiti ananionyesha vidole kumi. Dakika kumi, au amechoka? (Kicheko.)

Basi niwapeleke kwenye ndege. Kaskazini mwa mji kuna bwawa linaitwa Kamfers. Linapokea maji ya mji, ndiyo, maji taka ya mji, na juu yake nilikuta heroe maelfu kwa maelfu, wale wengi wetu tunawaita flamingo. Heroe mdogo ni mchaguzi sana wa mahali pa kutagia. Afrika nzima sehemu anazozaa hazizidi vidole vya mkono mmoja, na kubwa kuliko zote ni ziwa letu la Natron. Kimberley wakamjengea kisiwa katikati ya bwawa, mwaka 2006, na baada ya muda akaanza kutaga. Mwanzoni mwa 2019 maji yalipungua, ndege wakubwa wakaacha vifaranga, na watu wakaingia kuokota vifaranga kama elfu mbili kuwanusuru. Nilisimama kando ya reli jioni, wamejipanga kama shuka la waridi lililoanikwa, na nyuma yao chungu za kifusi cha mgodi. Mji ambao ulijengwa kwa kutoa kitu ardhini, wageni wakawa wanaulizia ndege. Nani angewaza hivyo mwaka 1871?

Na kuna Wildebeest Kuil, nusu saa hivi kutoka mjini, kilima kidogo chenye michoro ya wanyama iliyogongwa kwenye mawe meusi na Wasan, kabla hajaja mtu yeyote wa almasi. Ardhi ile sasa ni ya jamii za Wakhwe na Wa!Xun, watu wenye lugha za vidoko, zile sauti za kugonga ulimi. Niliposikia wakisalimiana nilidhani nipo Kondoa kwa Wasandawe. Kifaru mmoja kwenye jiwe, nilimgusa kwa macho tu, maana kugusa kwa mkono hairuhusiwi, kachorwa kwa mistari michache lakini ana uzito. Anayekwenda Kimberley asiiache.

Ukitaka kwenda, chukua siku tatu, usichukue moja. Desemba joto ni la kuua, Julai baridi ni la kuua, mimi ningechagua Aprili au Septemba. Siku ya kwanza shimo. Ya pili Angel Street, jumba la picha, na makaburi ya West End. Ya tatu bwawa na michoro. Na usiende na sweta moja.

Sasa turudi nyumbani, ndiyo sababu mmenialika. Sekenke, kule Singida, Wajerumani walichimba dhahabu, na mwaka 1916 vita ilipowabana wakaipeleka Tabora wakaigonga sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Tembo yule leo anauzwa kwenye minada Ulaya kwa fedha nyingi. Hapa ukumbini, nani ana picha ya mtu mmoja aliyechimba Sekenke? Mmoja tu? ... Chunya, kwenye Lupa, miaka ya 1930 walimiminika wachimbaji kama Kimberley. Nani ana jina? Na Mwadui bado unachimba, wazee wake mko hapa, mnapumua, mmekaa safu ya pili. Tunasubiri nini?

Wenzetu Kimberley walitunza hundi ya Rhodes. Hawakutunza majina ya kambini, au walipoyatunza yamefungiwa kwenye madaftari ya kampuni. Sisi bado hatujachelewa kama wao. Sizungumzii jengo la makumbusho, jengo linahitaji bajeti, na bajeti mnaijua safari yake. Nazungumzia daftari la shule la kurasa 96 na kalamu. Mwalimu, wape wanafunzi kazi ya likizo: nenda kwa babu, andika jina lake kamili, alitoka kijiji gani, alifika mgodini mwaka gani, alilala na nani chumbani, walipika nini Jumapili. Mwongoza watalii, mgeni akija, mwambie jina la mzee mmoja kabla hujamwambia idadi ya karati.

Baba yangu alifariki 2011. Alipostaafu alirudi nyumbani na godoro, redio, na kibati cha shaba cha duara, kama sarafu kubwa, kimetobolewa tundu juu, kimegongwa namba. Kwa miaka yote akiwa kazini alikitundika ubaoni asubuhi na kukichukua jioni. Mama alikitumia kufunikia chupa ya mafuta ya taa. Nilikikuta jikoni, kimekuwa cheusi, nikakisugua kwa limau na majivu. Namba ikatokea. Nyuma, kwa msumari, baba alikuwa ameandika jina lake, herufi zimeinama kidogo.

Kibati hicho kiko pale mlangoni, juu ya kitambaa cheupe. Kishikeni tu, hakivunjiki. Pembeni yake kuna daftari. Wazee wa safu ya pili, nimeacha kurasa za mwanzo wazi kwa ajili yenu, na mimi nitakuwa hapa mpaka saa kumi.